Mimba Iko Tumboni, Mbona Mwatazama Kinywani?

Alawiya binti Hamoud,
Mjambere, Kisauni,
Mombasa.
Jumapili, baada ya alasiri.

Kwa Daktari Mwidani,
Msimamizi, Zahanati ya Bustani Njema,
Kisauni.

KUH: KUFUTWA KWA MIADI YA JUMANNE, PAMOJA NA MALALAMIKO SABA

Mheshimiwa Daktari,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote walio chini yako, akiwemo Sista Mweri, ambaye ndiye hasa ninayemshitaki. Sina chuki naye. Ni binti mpole, na shikamoo yake huitoa kabla hujaketi. Lakini upole si kinga, na mimi ni mtu wa kusema yaliyo moyoni kwa maandishi, kwa kuwa nikiyasema kwa mdomo wanangu hudai nina ukali.

Mimi ni mama mkwe wa Nadira, mwenye faili hapo kwenu, mimba ya miezi mitano. Mumewe ni mwanangu Mahir, anayefanya kazi katika yadi ya makontena huko Changamwe. Hutoka alfajiri akarudi magharibi, kwa hivyo mambo ya mimba hii yako chini ya mamlaka yangu. Ni mimba ya pili. Ya kwanza haikufika: mtoto alizaliwa wa miezi saba, tukamwita Ikhlas, akaishi siku tisa, tukamzika. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba nyumba hii haifanyi mzaha. Tangu mimba ya pili ionekane nimemkataza Nadira kuinua ndoo, kuruka mtaro, kula nanasi, kukaa kizingitini na kusikiliza habari za maiti. Nilidhani nimefunga milango yote. Kumbe nimeacha kinywa.

Alhamisi iliyopita Nadira alikuja kwenu kupimwa. Sista Mweri akampima tumbo, akampima presha, akampima uzani, na yote hayo nayashukuru. Kisha akamwambia afungue kinywa. Akawasha tochi, akachungulia, akaona ufizi umevimba na unatoka damu, akaandika kwenye kijitabu cha kliniki kwamba arudi Jumanne, siku ambayo daktari wa meno huja, asafishwe. Naandika kuomba Jumanne hiyo ifutwe. Mahir amesema atafanya nitakavyosema mimi, na Nadira atafanya atakavyosema Mahir, kwa hivyo shauri lote limo katika barua hii. Mahir ataileta kesho akienda kazini. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Mimba iko tumboni. Nimebeba mimba saba na sikuwahi kuambiwa vinginevyo. Mkunga aliyenizalisha, Mungu amrehemu, hakutazama kinywa changu hata mara moja, ila aliwahi kuniambia nikifunge, maana majirani walikuwa wamelala adhuhuri. Sista Mweri amemweleza Nadira kwamba ufizi ukiwa mgonjwa, vijidudu vyake na uvimbe wake huweza kuingia katika damu, na damu hiyo ndiyo inayokwenda kwa mtoto. Sikatai kwamba damu inatembea. Lakini damu ya ukoo wetu ni ya watu wa heshima, haibebi kila anayeipungia mkono. Tena tukikubali hili, tutaishia wapi? Leo ufizi una habari za mtoto. Kesho kisigino kitakuwa na habari za ndoa, na kesho kutwa mtu akiumwa na kichwa ataambiwa alete kandambili zake zipimwe.

2. Neno "kusafishwa". Hapa, Daktari, naomba uvute kiti, maana jambo hili lilinitia aibu mbele ya mtaa mzima.

Wewe ni mtu wa pwani. Wajua kwamba mwanamke mjamzito akiambiwa atasafishwa, maana yake kwetu ni moja tu: mimba imeharibika, na sasa ni kusafishwa kizazi. Hakuna kingine kinachosafishwa kwa mjamzito. Basi Alhamisi ile, saa tano, mimi niko jikoni nakuna nazi, simu ikalia, ujumbe wa sauti kutoka kwa Nadira. Anasema, "Mama, nitachelewa kidogo. Sista asema sina budi nisafishwe, Jumanne." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, nami nikasema, maskini, mtoto wa watu amejikaza. Nikaiacha mbuzi ya nazi, nikaketi sakafuni.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni wifi yangu Jalila. Alinisikia nikilia, na analosikia Jalila, Mjambere yote huwa imesikia. Saa moja haikupita, mkeka ulikuwa umetandikwa ukumbini, wanawake wamejaa na mabuibui yao, mtu ameleta mbaazi za nazi, mtu ameleta mahamri, na Mwalimu Habib wa madrasa amesimama mlangoni akitupa maneno ya subira. Nikampigia Mahir. Hakuuliza swali. Aliacha kazi akapanda gari kurudi, na niliambiwa baadaye kwamba alilia njia nzima mbele za watu. Kwa Ikhlas alijizuia mpaka aliporudi kutoka makaburini.

Nikaona niulize kwa wenyewe. Nambari ya zamu imeandikwa nyuma ya kijitabu, nami nilikuwa nimeinakili, nikapiga. Akapokea Sista Mweri. Nikamwuliza kama ni kweli mkaza mwanangu anasafishwa. Nakiri kwamba alielewa upesi, na kwa huruma yake akakimbilia kunituliza. Akasema, "La, la, Bi Alawiya, si kusafishwa huko! Yeye ni kukwanguliwa tu..." Hapo laini ikakatika.

Daktari, kukwanguliwa! Nililirudia neno hilo kwa sauti, na wote waliokuwa mkekani wakalisikia. Kwa wanawake wa hapa, kukwanguliwa ni kule kule kusafishwa, ila kwa ukali zaidi. Kilio kikapanda upya. Mwalimu Habib akaanza kusoma.

Ndipo Nadira akaingia. Tumbo mbele, embe mbichi la pilipili mkononi, limefungwa katika gazeti. Akatazama viatu mlangoni, akatuangalia sote, akauliza nani amekufa. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ni mtoto aliye tumboni mwake. Jalila alinyanyuka akamshika tumbo kwa mikono miwili kabla hata ya kumwitikia salamu, akasema, "Mbona lacheza?" Kisha ikabidi Nadira asimame katikati ya ukumbi aeleze, mbele ya Mwalimu Habib, kwamba kinachosafishwa ni meno. Mbaazi zililiwa vile vile. Jalila alisema kilichopakuliwa hakirudi chunguni, na kwamba tuhesabu kuwa ni shukrani. Mahir alifika wageni wakijilamba vidole, akamwona mkewe, akaketi kizingitini, mahali nilipopakataza, akacheka mpaka akaomba maji ya kunawa uso.

Naomba neno hilo lipigwe marufuku kwa meno ya wajawazito kuanzia Nyali hadi Mtwapa. Mseme "kuogeshwa meno", au mkipenda "kuutuliza ufizi". Sisi ndio wenye lugha, hatutashindwa kuwapa neno jingine.

3. Jino la mtoto. Kwetu inajulikana kwamba kila mimba huondoka na jino lake. Mama yangu alilijua hilo, na bibi yangu pia, ambaye alizaa kumi na moja na akaishia kula uji. Mimi mimba saba, mapengo saba. Naweza kukuonyesha: hili la mbele ni Mahir, hili la pembeni ni mtoto wangu wa pili, Salsabil, na haya mawili ya kulia ni ya wadogo zao. Nikicheka mbele ya kioo nawaona wanangu. Mapengo matatu ya kushoto hayana wa kuitika, lakini hayo si ya barua hii.

Sista Mweri amemwambia Nadira kwamba mtoto hachukui jino la mtu. Anasema mimba hubadili mwili, ufizi ukavimba upesi, na usipotunzwa hulegea, jino likaanguka lenyewe, na mwenyewe akamsingizia mtoto asiyeweza kujitetea. Mimi nauliza swali moja tu. Mtoto huyu akija akakuta mamake hana hata pengo moja, atajuaje kwamba alingojwa?

4. Lalamiko la nne nimelikata. Lilikuwa juu ya tambuu ninayotafuna, na nilipolisoma tena niliona kwamba linanishitaki mimi.

5. Mswaki. Nadira amerudi na mswaki laini wa zawadi na masharti: asubuhi na kabla ya kulala, taratibu, mpaka pale jino linapokutana na ufizi, na akitapika asipige mswaki papo hapo bali asukutue kwa maji kwanza. Sasa bombani hapakaliki. Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia Sista kwamba sisi tunao mswaki wa mti tangu enzi za Mtume na hatukungoja zahanati. Nikamtuma Nadira akamwulize kwa simu, nikitumaini ataukataa. Akasema mswaki wa mti ni mzuri sana, autumie, mradi asiuchokoe ufizi. Nikamtuma tena aulize kuhusu halwa, maana Nadira anaipenda na mimi ndiye nimpikiaye. Akasema ale, lakini pamoja na chakula, asiitafune kutwa nzima, kisha asukutue. Daktari, nakuuliza kwa haki: mtu atamlalamikia vipi anayemkubalia kila neno? Naomba mtuletee muuguzi anayegombana, tujue pa kushika.

6. Neno "huenda". Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Nadira alimwuliza Sista Mweri swali ambalo hakuwahi kuniuliza mimi. Alimwuliza kama ni ufizi uliomleta Ikhlas kabla ya siku zake, kwani hata mimba ile alikuwa akitema damu akipiga mswaki. Sista akamjibu kwamba huenda ulichangia na huenda haukuchangia. Akasema wako wanawake wengi wenye ufizi mgonjwa wanaozaa watoto wa miezi tisa wazito, na wako wenye meno meupe kama karatasi wanaozaa kabla. Waliochunguza, akasema, wameyaona mambo haya mawili yakifuatana mara nyingi, lakini hawajakubaliana kwamba moja ndilo linalomvuta mwenziwe. Hata kusafishwa kwenyewe, akasema, si ahadi kwamba mtoto atafikisha siku zake. Anaahidi tu kwamba hakutamdhuru mtoto, na kwamba mama atakula bila damu na bila maumivu, na kwamba hilo peke yake latosha kulifanya.

Sasa niambie, ni mfanyabiashara gani anayeuza dawa kwa namna hiyo? Mimba ya Ikhlas nilimpeleka Nadira kwa mganga mmoja huko Shika Adabu. Tulivuka feri, tukaketi, naye hakusema huenda hata mara moja. Alisema, wallahi, ni jicho la jirani mwenye mlango wa kijani. Huo ndio uhakika. Kwa sababu ya uhakika huo hatusemezani na Bi Munga wa mlango wa kijani hadi leo, na mtoto tukamkosa vile vile. Lakini angalau tulijua. Alhamisi ile, watu walipojaa kwetu, Bi Munga naye alikuja. Alisimama nje ya mlango na sahani ya mahamri, akamkabidhi Jalila, akarudi kwake. Nayaleta haya ili uone tu jinsi neno la mtu mwenye uhakika linavyodumu.

Naomba Sista Mweri apelekwe kozi ya uhakika. Akifunzwa miezi mitatu atarudi anasema "ndiyo" na "hapana" kama watu.

7. Heshima. Jana Jumamosi, Nadira alitoka bombani na mswaki wake, akanikuta kwenye kibaraza nimetema tambuu. Akasema, kwa adabu zote, "Mama, nawe fungua kinywa nikutazame."

Daktari, mimi ndiye niliyemfundisha msichana huyu kufunga kinywa. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa nilimweleza kwamba mke mwema huonja chumvi, hujibu abee, na mengine humeza. Leo ananiambia mimi nifungue. Nikafungua, lakini kwa nia ya kumkaripia. Yeye alikuwa ameshawasha taa ya simu. Akamulika. Nilidhani atacheka, au atasema la daktari alilolishika nusu, nami ningekuwa na la kuandika. Badala yake akaniuliza, pole pole, "Mama, yauma?"

Nina miaka sitini na mitatu. Yamenitoka meno saba, na mawili yaliyobaki nyuma yanacheza, na upande wa kushoto sitafuni tangu Mahir yuko madrasa. Sikumbuki kuulizwa swali hilo na mtu yeyote, hata marehemu mume wangu, aliyekuwa mtu mwema. Nilifunga kinywa nikaingia ndani. Na hilo ndilo lalamiko langu la saba na la mwisho: kwamba kwa sababu ya tochi ya zahanati yako, mtoto wa watu amenikalisha kwenye kibaraza changu akaniuliza kama yaniuma.

Kwa hivyo, Daktari, naomba kwa heshima kuu: Jumanne ifutwe, tochi ielekezwe tumboni, kwenye mimba, na neno "kusafishwa" na neno "huenda" yaondolewe katika vinywa vya wafanyakazi wako. Mkifanya hivyo nitawaombea dua, na nitawaambia wanawake wa Mjambere warudishe imani yao kwenu, ambayo kwa kweli hawakuipoteza, ila nilikuwa nimekusudia kuwaambia waipoteze.

Nisalimie mama watoto na watoto, na mlinzi wa langoni ambaye humpa Nadira kiti. Salsabil anakusalimu kutoka Magongo. Jalila anakusalimu, na anauliza kama huyo daktari wa meno ana mke. Sista Mweri msalimu pia. Kesi ni kesi na salamu ni salamu.

Ni mimi mtetezi wa tumbo la mkaza mwanangu,

Alawiya binti Hamoud

TANBIHI: Kabla ya kuifunga bahasha niliona si haki kumshitaki mtu kwa jina nisilojua kuliandika. Nikamwambia Nadira anipigie nambari ya zamu. Sista Mweri ndiye aliyekuwepo, hata leo Jumapili. Akanitajia jina lake herufi kwa herufi, nami nikaona nimeliandika sawa tangu mwanzo. Nilipomwambia ni la kumshitakia, akaniambia ahsante, Bi Alawiya, ni vizuri kuandika.

Ilikuwa nimrudishie Nadira simu. Badala yake nikajisikia nauliza juu ya mapengo matatu ya kushoto. Nilibeba saba, Daktari, walioishi ni wanne. Watatu walikuja kabla ya siku zao. Wawili hawakulia, na wa tatu, msichana, alishika kidole changu toka asubuhi hadi laasiri. Mimba zile zote tatu ufizi wangu ulikuwa ukitoka damu hata nikila ndizi mbivu, na mimi nikitema na kujivuna, nikisema mtoto anadai haki yake. Basi nikamwuliza Sista kama ni mimi. Akasema, "Huenda ufizi ulichangia, Bi Alawiya, na huenda sivyo. Wallahi hakuna ajuaye. Na zamani zile hapakuwa na mtu wa kukumulika."

Jumanne msiifute. Barua hii Mahir hataileta tena. Nitaileta mwenyewe Jumanne saa mbili, na kinywa changu, na Nadira na chake. Jirani mwenye mlango wa kijani nimempelekea sahani yake, na ndani yake nimetia halwa. Jalila nimemwambia kwamba Jumanne mimi na mkaza mwanangu tunakwenda kusafishwa wote wawili, nikamwacha hapo hapo, apate la kueneza.

Malalamiko mengine fanyeni mnavyoona. Ila la sita nalifuta kwa mkono wangu, na ile kozi msimpeleke. Sista Mweri angekuwa na uhakika leo, ningekata simu nikiwa na makaburi matatu ya kujibia.